Mashine Tano za Krono ya Rubani, Kando kwa Kando

Anayetafuta saa ya rubani yenye krono, yaani kipima muda cha kuanzisha na kusimamisha kwa kitufe, huvutwa kwanza na uso wake: weusi uliokolea, tarakimu nyeupe zinazosomeka hata kwenye mwanga hafifu, vitufe viwili vimekaa ubavuni kama masikio. Sina ubishi na hilo, saa huvaliwa ili itazamwe. Kazi huanza pale saa mbili au tatu zinapokupendeza sawasawa, na kinachozitofautisha kimejificha chini ya kifuniko cha nyuma. Hapo ndipo muuzaji humwaga maneno: gurudumu la nguzo, klachi ya wima, flaibaki, mapigo 36,000. Unatoka dukani na karatasi iliyojaa namba usizojua uipe ipi uzito.

Nimevaa krono kwa miaka mingi, na nimekaa sana pembeni mwa meza ya fundi saa nikitazama zikifunguliwa. Nilichokiona ni kwamba namba kubwa za kwenye tangazo mara nyingi si ndizo utakazoishi nazo. Utaishi na kile kinachotokea kidole kinapobonyeza kitufe, na kile kitakachotokea siku mashine itakapohitaji kufunguliwa. Mambo hayo mawili ndiyo niliyoyapa nafasi kubwa hapa. Mengine nimeyapitia kwa haraka zaidi.

## Zinazolinganishwa

Valjoux 7750, pamoja na pacha wake Sellita SW500. 7750 ilibuniwa na Edmond Capt mwanzoni mwa miaka ya 1970, na tangu hapo imeendesha krono za kampuni nyingi mno. IWC waliijengea saa zao za rubani kwa miaka kabla ya kuleta familia yao wenyewe ya 69000. Breitling nao, ingawa wana mashine yao, bado wanatumia Breitling 23 ndani ya Classic AVI ya milimita 42, na hiyo inatokana na Valjoux 7753, ndugu wa 7750. Kwa hiyo usishangae ukiikuta ndani ya kasha lenye jina kubwa.

Breitling 01, iliyotoka mwaka 2009 na kuingia kwenye Navitimer, saa yao ya rubani. Tudor wanaitumia pia, wakiwa wameifanyia marekebisho yao na kuiita MT5813.

Zenith El Primero 3652, iliyomo kwenye Pilot Big Date Flyback ya mwaka 2023. El Primero yenyewe ilitangazwa Januari 1969 kule Le Locle, Uswisi, ikiwa miongoni mwa krono za kwanza kabisa zinazojijaza zenyewe mkononi. Mwaka 1975 uongozi uliamua kuachana na saa za mashine na kuhamia za betri, na vifaa vya kuitengenezea vikawa chuma chakavu machoni pao. Fundi mmoja wa kiwandani, Charles Vermot, akavipandisha darini kipande kwa kipande, akaviwekea alama na kuandika kila kimoja ni cha nini. Uzalishaji ulipofufuliwa miaka ya 1980 vifaa vilikuwepo, na kuanzia mwaka 1988 Rolex waliiweka El Primero ndani ya Daytona, saa yao ya krono, mpaka mwaka 2000. Nikiiona mashine hii humfikiria mtu huyo akipanda ngazi na mzigo.

Omega 9900, iliyomo kwenye Speedmaster Pilot ya mwaka 2025. Inatumia mfumo wa ko-aksi, namna ya kupeleka nguvu kwenye gurudumu la mizani kwa msuguano mdogo, uliobuniwa na Mwingereza George Daniels, ambao Omega walianza kuuweka kwenye saa zao mwaka 1999.

Breguet 728, pamoja na 7281, zilizozinduliwa mwaka 2023 ndani ya Type XX mpya, saa yenye ukoo unaorudi hadi mahitaji ya jeshi la anga la Ufaransa katika miaka ya 1950.

## Vigezo

Nimezipima kwa mambo matano: kitufe kinavyopeleka amri, krono inavyoungana na saa, inavyotumika na kusomeka, mapigo na akiba ya nguvu (muda ambao saa iliyojaa hutembea ikiwa imevuliwa), na habari za fundi. Hizi hapa namba zake za msingi, ili tusizirudierudie; maneno ya kifundi yaliyomo nitayaeleza zamu yake ikifika:

| Mashine | Mapigo kwa saa | Akiba ya nguvu | Msimamizi wa vitufe | Muunganiko | Flaibaki |
|---|---|---|---|---|---|
| 7750 / SW500 | 28,800 | saa 44 kwa matoleo ya zamani, hadi 62 kwa SW500 mpya | kemu | pinioni ya kuinama | hapana |
| Breitling 01 | 28,800 | saa 70 | gurudumu la nguzo | klachi ya wima | hapana |
| El Primero 3652 | 36,000 | saa 60 | gurudumu la nguzo | klachi ya mlalo | ndiyo |
| Omega 9900 | 28,800 | saa 60 | gurudumu la nguzo | klachi ya wima | hapana |
| Breguet 728 | 36,000 | saa 60 | gurudumu la nguzo | klachi ya wima | ndiyo |

## Kitufe kinavyopeleka amri

Krono ni saa iliyopandishwa juu ya saa nyingine. Magurudumu ya saa ya kawaida hayasimami, na yale ya krono hukaa kimya yakisubiri. Kati ya kitufe na magurudumu hayo lazima pawe na kitu kinachokumbuka zamu: mbofyo huu ni wa kuanza, ujao ni wa kusimama.

Ndani ya 7750 na SW500 kitu hicho ni kemu, bapa la chuma lenye vilima na mabonde linalosukumwa huku na huku. Ni rahisi kutengeneza, linavumilia na halideki. Ila kidole kinalijua. Mbofyo wa kuanza ni mzito: unasukuma, kitufe kinakataa, unaongeza nguvu, kisha kinaachia kwa kishindo kidogo. Wa kusimamisha huwa mwepesi zaidi. Zipo kampuni zinazosugua na kurekebisha sehemu hizo mpaka ugumu unapungua sana, kwa hiyo 7750 mbili zinaweza kuwa na tabia tofauti kabisa.

Nne zilizobaki zina gurudumu la nguzo. Ni kigurudumu chenye nguzo fupi zilizosimama duara, mfano wa boma dogo. Kila mbofyo unakisogeza hatua moja. Ncha ya wenzo ama inatumbukia kati ya nguzo mbili, ama inasukumwa nje na nguzo iliyo mbele yake. Kwa kuwa hatua ni ileile kila mara, kitufe hujibu kwa uzito unaolingana, kuanza na kusimama. Kwa kidole changu Breitling 01 ni imara, na El Primero ni laini zaidi.

Nguzo haiipi saa usahihi zaidi wa muda. Inachokupa ni raha ya kubonyeza, na raha ya kutazama kama kifuniko cha nyuma ni cha kioo. Mtu anayeanzisha krono mara moja kwa mwezi anaweza kuishi na kemu miaka ishirini asione kilichopungua.

## Krono inavyoungana na saa

Hiki ndicho kigezo ambacho ningekuomba ukipe muda mrefu zaidi, maana hakionekani kwenye picha na hakuna tangazo linalokieleza vizuri.

Kuna siku fundi alinipa lenzi yake nitazame El Primero iliyofunguliwa, akaniambia nibonyeze huku nikitazama upande mmoja tu. Gurudumu dogo lilisogea ubavu, meno yake yakakutana na meno ya gurudumu la krono, yakaumana, mshale ukaanza kwenda. Nikarudia. Mara ya nne au ya tano jino lilikutana na ncha ya jino badala ya nafasi kati ya meno mawili, na mshale ukaruka kidogo kabla ya kushika mwendo. Hiyo ndiyo klachi ya mlalo. Hakuna kilichoharibika, ni tabia ya meno mawili yanayokutana bila kupangana. Ni mfumo wa zamani, ni mzuri kuutazama, na kila kitu kiko wazi mbele ya macho.

Klachi ya wima hufanya kazi kama klachi ya gari. Sahani mbili zimebebana, zikiachiwa zinashikana kwa msuguano. Hakuna jino linalotafuta jino, kwa hiyo mshale huanza pale ulipo bila kuruka. Breitling 01, Omega 9900 na Breguet 728 zote zina mfumo huu. Nao si wa jana: Seiko waliuweka ndani ya krono yao ya 6139 mwaka uleule wa 1969.

7750 imefuata njia ya tatu. Ina pinioni, kijiti chembamba chenye meno kila mwisho. Mwisho mmoja umeshika magurudumu ya saa muda wote. Mwingine huinamishwa mpaka uume gurudumu la krono. Edouard Heuer alilipatia wazo hilo hataza mwaka 1887, na limedumu kwa sababu linatumia vipande vichache. Mshale unaweza kushtuka kidogo mwanzoni, kama kwenye klachi ya mlalo.

Tofauti inayokugusa zaidi kwa matumizi ni hii: je, unaweza kuiacha krono ikitembea kutwa? Wengi hupenda kuona mshale mrefu ukizunguka. Kwenye klachi ya mlalo na kwenye pinioni, krono ikianza inavuta nguvu ya ziada, na gurudumu la mizani, lile linalobembea na kuamua mwendo wa saa, hupunguza upana wa bembea yake. Mwendo wa saa unaweza kubadilika kwa sekunde kadhaa kwa siku, na meno yanasagana kwa kazi isiyo na sababu. Kwenye klachi ya wima athari hiyo ni ndogo mno, na kuiacha ikitembea si dhambi. Ukijijua kuwa wewe ni wa kuiacha, hapa pekee panaweza kukuamulia.

## Matumizi na usomaji

Kabla ya satelaiti kumwonyesha rubani alipo, alijitafuta kwa vitu vitatu: uelekeo, mwendo na muda. Unashika uelekeo fulani kwa dakika nne na sekunde ishirini, unafika kwenye kona ya mto, unageuka, na papo hapo unaanza kuhesabu upya. Krono ya kawaida inadai mibofyo mitatu: simamisha, rudisha, anzisha. Mkono mmoja umeshika usukani, mwingine una glavu, na kila mbofyo unakula muda. Flaibaki inafanya yote kwa mbofyo mmoja wa kitufe cha chini: mshale unaruka hadi sifuri na kuendelea bila kusimama. Ndiyo maana jeshi la anga la Ufaransa lilipoagiza saa za Type 20 liliifanya kuwa sharti.

El Primero 3652 na Breguet 728 ndizo zenye flaibaki kati ya hizi tano. Kwenye tatu nyingine usibonyeze cha kurudisha krono ikiwa inatembea, na ukihisi kitufe kinakataa usikilazimishe.

Leo flaibaki ina maana kwa anayepima vipindi vinavyofuatana: mizunguko ya uwanja, zamu za mazoezi, hatua za kazi zinazorudiwa. Anayepima jambo moja na kumaliza haihitaji.

Kuhusu kusoma, 7750 ya asili ina dakika juu, sekunde za kawaida kushoto na saa chini. Dakika zikiwa juu jicho hufika haraka, hata mkono wa shati ukiwa umefunika nusu ya saa. Breitling 01 inaweka dakika 30 kulia, saa 12 chini na sekunde kushoto. Mpangilio huo unapendeza, ila kwenye Navitimer kumbuka rula ya duara ya kukokotolea, iliyokuwepo tangu mwaka 1952, inayoujaza ukingo tarakimu ndogo ndogo. Hilo si kosa la mashine, lakini utalisoma kila siku.

Omega 9900 imefanya jambo ambalo ningependa kuliona kwingi zaidi. Dakika na saa za krono zinazunguka ndani ya duara moja dogo upande wa kulia, kwa hiyo muda uliopita unausoma kama unavyosoma saa ya ukutani. Hakuna kujumlisha duara hili na lile.

El Primero 3652 ina kihesabu cha dakika 30 tu. Safari ya dakika 47 itabidi ukumbuke mwenyewe kwamba mshale umeshazunguka mara moja. Breguet inategemea toleo: 728 ina dakika 15 kulia na saa 12 chini, wakati 7281 ya mtindo wa kijeshi ina dakika 30 na haina saa. Kwa usomaji mtupu sijaona iliyoishinda Lemania 5100 ya zamani, iliyoweka mshale wa dakika za krono katikati kabisa sambamba na ule wa sekunde. Haitengenezwi tena.

## Mapigo, akiba na usahihi

Mapigo 28,800 kwa saa ni mapigo manane kwa sekunde, 36,000 ni kumi. Kwa hiyo Zenith na Breguet zinaweza kugawa sekunde kwa kumi, nyingine kwa nane. Kidole cha binadamu hakina usahihi wa kiwango hicho, lakini mwendo wa mshale unaonekana laini zaidi, na mizani yenye mapigo ya haraka hurudi kwenye mwendo wake upesi baada ya mtikisiko.

Tazama pia vistari vya sekunde pembezoni mwa uso. Mashine ya mapigo manane inaweza kusimama juu ya robo ya sekunde bila tabu, lakini ukingo uliogawanywa kwa sehemu tano kwa kila sekunde hautakutana nayo, mshale utasimama kati ya vistari. Uso wa namna hiyo umechorwa bila kuulizwa mashine iliyo chini yake.

Akiba ya nguvu nipe nafasi nikueleze kwa mfano mmoja. Saa imejaa, umeivua Ijumaa saa kumi na mbili jioni, unaichukua Jumatatu saa mbili asubuhi. Hizo ni saa 62. Breitling 01 unaikuta ikitembea, na bado ina saa nane mfukoni. Zenith, Omega na Breguet, zenye saa 60, zitakuwa zimesimama tangu saa kumi na mbili asubuhi. SW500 mpya iko ukingoni kabisa. 7750 ya zamani ilisimama tangu Jumapili mchana. Kama saa yako haitoki mkononi, aya hii haikuhusu.

Kwa usahihi, Breitling 01 hupimwa na COSC, shirika la Uswisi linalothibitisha usahihi wa saa, yaani mashine inaruhusiwa kuchelewa sekunde 4 au kuwahi sekunde 6 kwa siku. Omega 9900 hupita hapo, kisha saa nzima ikiwa ndani ya kasha lake hupimwa tena chini ya METAS, taasisi ya vipimo ya Uswisi: kati ya sifuri na sekunde 5 za kuwahi, na kustahimili sumaku ya gausi 15,000. Sumaku si jambo la kupuuza siku hizi, maana ipo kwenye kifuniko cha tableti, kwenye spika, kwenye kifungo cha mkoba. Breguet wanatumia springi ya mizani ya silikoni, ambayo sumaku haiigusi. 7750 hutoka kiwandani kwa madaraja tofauti, na la juu kabisa hupimwa na COSC, kwa hiyo jina "7750" peke yake halijakuambia kitu. Uliza daraja.

Unene nitautaja tu: 7750 ni milimita 7.9, Omega 7.6, Breitling 7.2. Kidogo kwenye karatasi, lakini ongeza kioo, uso na kifuniko ndipo ujaribu kuipitisha chini ya kifungo cha shati.

Jambo jingine la 7750: rota yake, kipande kizito kinachozunguka mkono ukitikisika, inajaza saa ikizunguka upande mmoja, na upande wa pili inazunguka bure kwa kasi. Ukigeuza mkono ghafla utaihisi, saa inatikisika kama ina kitu hai ndani. Wapo wanaodhani imeharibika. Wapo wanaoivaa kwa sababu hiyo.

## Fundi na miaka ijayo

Mashine ya krono ina mafuta, na mafuta hukauka. Baada ya miaka mitano hadi kumi itafunguliwa yote, isafishwe, ipakwe upya. Swali ni nani atakayeifungua.

7750 na SW500 zinajulikana na karibu kila fundi mzoefu wa saa za mashine. Vipuri vipo, maelekezo yapo, na makosa yake ya kawaida yanafahamika. Huo ni utajiri ambao hauandikwi kwenye tangazo. Nimewahi kumiliki krono ya mashine adimu ambayo ilikaa mezani kwa fundi zaidi ya nusu mwaka ikisubiri wenzo mmoja mdogo kuliko punje ya mchele. Fundi alijua la kufanya, vipuri ndivyo havikuuzwa kwa mtu wa nje. Tangu siku hiyo swali la vipuri naliuliza kabla ya bei.

Breitling 01 na Omega 9900 zinatengenezwa kwa wingi na vituo vya kampuni vinazijua vizuri, na kampuni zote mbili hutoa dhamana ya miaka mitano. Ila klachi ya wima ni kifurushi: ikichoka, kwa kawaida hubadilishwa nzima badala ya kurekebishwa. Mfumo wa ko-aksi nao unataka fundi aliyefundishwa na mafuta sahihi mahali sahihi.

El Primero ina faida ya umri. Mafundi wazee wameijua kwa miongo, na klachi yake ya mlalo hurekebishwa kwa mkono na kwa jicho. Mapigo ya haraka lakini hayasamehe mafuta yaliyokauka, kwa hiyo usiisubirishe. Breguet 728 ni changa na sehemu zake za silikoni hazikunjwi wala kunyooshwa, zikivunjika zinabadilishwa. Ichukulie kama saa itakayorudi kwa mtengenezaji wake maisha yake yote, na uingize gharama hiyo kwenye hesabu tangu mwanzo.

## Kila moja inamfaa nani

7750 na SW500 zinamfaa anayetaka saa ya kuvaliwa kila siku, kugongwa, kutengenezwa karibu na anapoishi, na ambaye hajali kitufe kigumu. Breitling 01 ni ya mwenye saa mbili tatu anayebadilishabadilisha, na anayependa kuacha krono ikitembea. El Primero 3652 ni ya anayependa historia na kutazama mashine ikifanya kazi, na atakayeitumia flaibaki kwa vipimo vifupi. Omega 9900 inamfaa anayeishi kati ya vifaa vya umeme, anayesafiri pia, kwa kuwa mshale wa saa unasogezwa peke yake bila kusimamisha saa. Breguet 728 imekusanya karibu kila kitu katika jedwali lile, na ni ya anayekubali kufungamana na nyumba moja kwa huduma.

## Kulingana na hali yako

Kama hii ndiyo krono yako ya kwanza na pekee, weka fundi mbele ya yote. Mtafute kwanza, muulize anafungua mashine zipi na vipuri anavipata wapi, kisha chagua kati ya zile alizozitaja.

Kama unarusha ndege kweli na unataka saa iwe akiba ya vifaa vyako, anza na flaibaki, kisha usomaji. Safari zikizidi nusu saa, Breguet 728 yenye kihesabu cha saa itakufaa kuliko ile ya dakika 30 tu. Ukiona flaibaki unaweza kuishi bila hiyo, duara moja la Omega linasomeka upesi.

Kama saa hupumzika mwisho wa juma, Breitling 01, au SW500 mpya ukikubali kuishi ukingoni.

Kama umependa saa ya jina kubwa na ndani ukakuta 7750, usiikimbie kwa sababu hiyo, wala usilipe kana kwamba ni mashine ya nyumbani kwao. Uliza daraja, uliza walichokirekebisha, na ulinganishe bei na saa nyingine zenye mashine hiyohiyo.

Na kama unanunua iliyotumika, iombe mkononi kwa dakika kumi. Ijaze. Anzisha krono polepole, ukisukuma kitufe kidogo kidogo mpaka kiachie, na utazame mshale unavyoondoka. Simamisha, rudisha, na uangalie kama umetua juu ya alama ya sifuri kabisa au pembeni yake. Fanya hivyo mara kumi. Kisha iache itembee mpaka kihesabu cha dakika kisogee, maana hapo ndipo uchovu wa mashine hujitokeza: mshale wa dakika unapaswa kuruka kwa wakati wake, bila kusita na bila kubaki nusu njia.